Madaftari Matatu ya Kemunto

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa akili yote niliyokuwa nayo, kwamba mbolea ya chai ikimlowesha mwanamke shingoni ataota ndevu. Habari hiyo niliipata kwenye foleni ya kituo cha kununulia majani, huko kwetu Nyamira, kutoka kwa mwanamume mzima aliyevaa kofia ya kiwanda, na mimi nilijua mtu mwenye kofia ya kiwanda hawezi kusema uongo. Alisema kuna mama mmoja ng'ambo ya mto aliyebeba gunia lililopasuka. Mvua ikamnyeshea, mbolea ikayeyuka ikamtiririka mpaka kifuani, na kufikia msimu uliofuata alikuwa na ndevu kushinda mchungaji wa kanisa lao. Mumewe akawa anaazima wembe kwake. "Si mnaona vile inafanya majani yanone?" akauliza yule bwana. "Sasa ngozi ya mtu itashindwa?" Foleni nzima ikatikisa kichwa kukubali. Mimi nikarudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa siri ya serikali, kwa sababu miezi michache kabla ya hapo mke wangu Kemunto alikuwa amebeba gunia la namna hiyo kichwani, mvua ikinyesha, nami nikitembea mbele yake mikono mitupu, nimevaa shati jeupe la shule.

La shule, ndiyo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilikuwa kidato cha nne. Mchana niliuza misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Jua likianza kulegea nilivuka barabara na kuingia darasa la watu wazima, tukaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima. Sijisifu. Mwalimu mwenyewe alisema herufi zangu zingefaa kuchongwa kwenye jiwe la msingi la bunge. Shati lile nililivaa hata nikienda nyumbani Jumapili, ili kijiji kizima kione kwamba mwanafunzi amefika, na shati la aina hiyo halibebi gunia.

Mwaka ule umenirudia wote kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Sista Bosibori, kwao Nyamache. Alikuwa muuguzi. Hakuwa ndugu yangu, na kama mtu angeniuliza pale langoni mimi ni nani wa marehemu, sijui ningejibu nini. Niliona tangazo la mazishi kwenye simu, nikapiga pasi koti, nikaenda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, mvua ya Kisii ikitupigia ngoma juu ya turubai, watu wakisimama mmoja mmoja kusema marehemu alikuwa mkali lakini mkweli. Sikusikia nusu ya hotuba. Mwili ulikuwa kwenye kiti, mimi nilikuwa Daraja Mbili, mjini Kisii, katika chumba cha mwisho cha ploti ya vyumba kumi na kimoja vilivyoshikana kama treni iliyoibiwa injini.

Chumba chetu kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukitaka kugeuka kitandani ilibidi kwanza utoke nje uombe nafasi. Kulikuwa na kitanda, meza yangu ya kusomea, jiko la mafuta, na chini ya dirisha cherehani ya Kemunto. Dirisha lilitazama soko. Kabla sijaamka akina mama wa ndizi walikuwa wameshapanga mikungu yao kama askari wa kijani, na wauza mitumba wakipasua hewa kunadi nguo zao za daraja la kwanza: "Kamera! Kamera! Fungua macho, mama!" Kemunto alinunua kwao nguo zilizopasuka, akazishona, akazirudisha sokoni zikiwa na sura mpya. Alikuwa na mikono ya ajabu. Angeweza kushona kiraka juu ya kiraka usijue shati lilianzia wapi. Lakini kila asubuhi, kabla ya cherehani kuanza kuimba, alikwenda nyuma ya pazia la maua mekundu lililotenga kitanda, akakaa huko na kioo na wembe. Mimi nilifungua kitabu cha jiografia na kujifanya nasoma. Nilisikia wembe ukikwaruza kidevu, krr, krr, kisha pazia likivutwa, naye akitoka amefunga leso mpaka chini ya midomo. Hatukuwahi kulizungumza. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na jambo hilo lililala kati yetu kama mgeni ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna anayethubutu kumfukuza.

Mimi nilijua sababu, au ndivyo nilivyodhani. Nikamnunulia mche mzima wa sabuni ya kufulia, nikamwambia awe anasugua shingo asubuhi na jioni. Hakuuliza kwa nini. Aliichukua, akasugua, shingo ikawa nyekundu kama amechapwa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alidhani namwona mchafu.

Ndevu zilikuwa moja tu ya shida. Chunusi zilimjaa mgongoni. Uzito ulipanda ingawa alikula kidogo kuliko mimi, na mimi nilikula kama kamati ya harusi. Hedhi ilimjia ilipotaka: mara baada ya miezi mitatu, mara baada ya mitano, ikija inakuja kama mtu aliyevunja mlango. Na mtoto hakuonekana. Hilo ndilo lililosemwa kwa sauti. Hayo mengine yalijificha chini ya leso. Mama yangu alipotupokea Nyamira alimwangalia Kemunto tumbo kabla ya kumwangalia uso.

Basi tukaanza kwenda hospitali, na hapa ndipo elimu yangu ilipoleta maafa. Kwetu mgonjwa hununua daftari lake mwenyewe, daktari anaandika humo, nawe unarudi nalo nyumbani. Watu wengine huwa na daftari moja lililolowa mafuta, limechanika pembe, limejaa mwandiko wa madaktari kumi. Mimi niliona hiyo ni aibu. Darasani tulifundishwa somo moja, daftari moja. Nikanunua madaftari matatu, nikayavalisha jalada la gazeti, nikaandika juu yake kwa ule mwandiko wa jiwe la msingi: NGOZI. SUKARI. AKINA MAMA. Nikamkabidhi Kemunto mezani kama anayefanya mahafali.

"Ukienda kwa daktari wa ngozi unatoa hili tu," nikamwambia. "Usichanganye masomo. Akianza kusoma habari za hedhi ataona sisi ni watu wa kijijini."

Kemunto aliyapima mkononi. "Na mwili ni ngapi, Makori?"

"Mwili ni mmoja. Masomo ni matatu."

"Haya, mwalimu," akasema, akayatia kwenye mfuko.

Alinitii, na utii wake ndio unaoniuma. Alipanda ile milima ya mji na mfuko wake, mwezi huu mlango huu, mwezi ujao mlango ule. Kwenye mlango wa ngozi alipewa mafuta ya kupaka na vidonge vya chunusi. Kwenye mlango wa sukari aliambiwa sukari yake inakaribia mpaka, apunguze kula. Kwenye mlango wa akina mama alipewa vidonge vya kuleta hedhi, ikaja, vidonge vikaisha, hedhi ikapotea tena. Kila daktari aliandika jambo la kweli kwenye daftari lake, na kila daftari lilirudi kulala kwenye rafu yangu, wima, safi, bila kufahamiana na jirani yake. Jioni niliyatazama na kujisikia mtu aliyeendelea. Mwaka ukala nusu yake hivyo.

Alhamisi moja niliomba ruhusa dukani nikamsindikiza, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na miadi miwili. Alikwisha kutoka kwa daktari wa sukari, na sasa tulikuwa kwenye benchi la akina mama, naye ameficha yale madaftari mengine chini ya parachichi alizotumwa na mama kumpelekea jirani. Sista Bosibori ndiye aliyekuwa mezani akipima watu presha. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na sauti ya kuamrisha ng'ombe watoke kwa shamba la mtu.

"Wewe mama," akamwita Kemunto, "si nimekuona asubuhi kwa mlango wa sukari?"

Kemunto akainamisha kichwa. "Ni kweli, Sista."

"Na hii daftari mbona haina sukari? Iko wapi ingine?"

Kemunto akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Mama, toa yote. Hapa si polisi."

Parachichi zikatoka moja moja, kisha SUKARI, kisha NGOZI. Sista akayafungua yote matatu mezani, akayalaza ubavu kwa ubavu, akasoma huku kidole kikiruka kutoka ukurasa huu hadi ule. Halafu akanyoosha mkono taratibu, bila kuomba, akaishusha leso ya Kemunto chini ya kidevu, akatazama, akairudisha kama anavyofunikwa mtoto.

"Nani aligawanya huyu mtu vipande vitatu?" akauliza.

Nami nikasimama, kifua mbele. "Ni mimi, Sista. Huo ni mwandiko wangu."

Sijawahi kutazamwa vile, kabla wala baada.

Alituambia tungoje. Mchana ule alizunguka milango yote mitatu yeye mwenyewe, kwa miguu yake iliyovimba; daktari wa ngozi tu ndiye hakuwepo siku hiyo. Tukaitwa kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka. Mlango wake ulikuwa umepinda, haukufunga. Sisi tuliketi nje kwenye kiti kimoja, nusu kwa nusu, na kila neno lilitufikia. Walikuwamo Daktari Momanyi wa akina mama, mtu mrefu wa maneno machache. Daktari wa homoni na sukari, mama wa Pwani aliyekuja Kisii mara moja kwa mwezi na kuongea Kiswahili cha kututia aibu sote. Na Nyanchama, binti wa lishe, aliyetoka kumaliza chuo na bado akisema "samahani" kabla ya kila sentensi.

"Kwangu ameletwa kwa ajili ya sukari," tulimsikia mama wa Pwani. "Hakuna aliyenambia kwamba hedhi yapotea."

"Na mimi sikumuuliza mambo ya ndevu," akasema Daktari Momanyi. "Amejifunga leso. Nilidhani ni baridi."

"Daktari, Kisii kuna baridi," akasema Sista, "lakini haikai kwa kidevu."

"Samahani," akasema Nyanchama, "kuna mtu amemuuliza anakula nini?"

Kikombe kikawekwa mezani. Kisha mama wa Pwani akasema polepole, kama anayesoma sentensi ndefu, "Ndevu, chunusi, uzito, sukari, hedhi, mtoto. Hebu mpelekeni apigwe picha ya tumbo, tumpime tezi la shingo na homoni nyinginezo tuondoe shaka, halafu turudi hapa sote. Sote, si mmojammoja."

Pale kwenye kiti nikasikia bega la Kemunto likitetemeka dhidi ya bega langu. Nilidhani anacheka.

Majibu yalipotoka walituita ndani. Ugonjwa una jina refu la kigeni ambalo wao wenyewe hulifupisha kwa herufi nne, PCOS. Daktari Momanyi alichora kwenye karatasi mifuko miwili yenye vishimo vingi vidogo, akasema mayai ya Kemunto huanza safari lakini hayakomai, yanakwama njiani. Mama wa Pwani akaeleza kwamba mwili wake unaisikia insulini kama mtu aliyelala fofofo, ndipo unatengeneza nyingi kupita kiasi, na hiyo nyingi inaamsha homoni ambazo kwa wanaume ni nyingi na kwa wanawake ni kidogo; ndevu zimetoka huko, na chunusi, na hedhi iliyopotea. Vitu vyote vile sita vilikuwa kitu kimoja. Nikaona nafasi ya kuchangia kama msomi. Nikauliza kama mbolea ya chai inaweza kuwa ndiyo iliyoanzisha.

"Mbolea?" akasema mama wa Pwani. "Bwana, ingekuwa hivyo, wenye vipara wote wa nchi hii wangehamia Nyamira."

Walicheka, hata Daktari Momanyi. Kemunto hakucheka. Alinigeukia, na nikaona akili yake ikirudi nyuma, ikipita gunia, mvua, ule mche wa sabuni.

"Nilianza kunyoa nikiwa kidato cha pili," akasema. "Kabla hata sijakujua jina."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya Alhamisi. Sista aliagiza madaftari yawe moja, na Kemunto akayashona pamoja kwa cherehani yake, mshono mara mbili, uzi mweusi, likatoka daftari nene kama Biblia ya mchungaji. Wote wakawa wanaandika humo, ukurasa mmoja. Daktari wa ngozi akaona alichoandika daktari wa sukari. Nyanchama akaona uzito na presha. Ukibadilishwa vidonge hapa, kule wanajua. Nyanchama alikuja mpaka chumbani kwetu, akaketi juu ya kitanda kwa kuwa hapakuwa na pengine, akamuuliza Kemunto tunakula nini. Ndizi, akajibiwa, asubuhi mkate, na chai ya vijiko vinne. "Samahani," akasema Nyanchama, "bibi yako alikuwa anakula nini?" Basi ikarudi obokima, ugali wa wimbi, kipande cha ngumi moja, ikarudi chinsaga, ile mboga chungu, sufuria nzima, ndizi zikabaki vidole viwili. Chai ikawa bila sukari. Vidonge vipya alivyopewa na mama wa Pwani vilimtapisha wiki tatu za kwanza. Alikuwa akishona, anasimama, anatoka nje mbio, anarudi, anafuta mdomo, anaendelea na mshono ule ule. Jioni alitembea kutoka Daraja Mbili hadi juu mjini na kurudi, leso kidevuni, wanawake wa ndizi wakimtania, "Kemunto, unakimbiza nani?" Naye anajibu, "Namkimbia mwalimu wangu."

Siku moja alimuuliza Sista ni lini atapona. Nilikuwepo. Sista alivua miwani. "Hii haiponi, mama yangu. Hii inatunzwa. Utaitunza kama unavyotunza ng'ombe: ukichoka, yeye hajui umechoka." Kemunto alilia njia nzima ya kurudi, bila sauti, akinunua nyanya na kurudishiwa chenji huku machozi yanashuka ndani ya leso. Mimi nilitembea hatua mbili mbele nikieleza wapita njia kwa uso wangu kwamba ni vumbi.

Lakini ilianza kufanya kazi. Kwenye kalenda ya duka letu iliyoning'inia juu ya cherehani, Kemunto alikuwa akitia alama ya kalamu nyekundu siku za hedhi. Miaka yote alama zilikuwa zimetawanyika kama kuku waliotishwa. Sasa zikaanza kujipanga: mwezi, mwezi, mwezi. Alama ya tatu alipoitia alisimama akaitazama muda mrefu, mkono kiunoni. Sikuwahi kumwona akitazama kitu vile, hata mimi.

Alhamisi iliyofuata Daktari Momanyi alitukalisha wote wawili. Alisema sasa anaweza kumpa Kemunto dawa ya kukomaza mayai. "Lakini kabla ya hapo," akasema, "nataka kipimo chako, Bwana Makori. Mtoto ni wa watu wawili. Sitampa mama dawa nisiyojua kama ina kazi." Akanipa fomu na kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Sista akaniambia Alhamisi ijayo, asubuhi, maabara, mlango wa tatu. Nikawafanyia mzaha, nikasema kwa ukoo wetu watahitaji ndoo. Walitabasamu kidogo. Kemunto hakutabasamu.

Alhamisi ya kwanza nilikuwa na mtihani wa majaribio. Alhamisi ya pili duka lilikuwa linahesabu bidhaa. Ya tatu nilikwenda, nilifika kabisa mlango wa tatu. Kwenye benchi alikuwa ameketi fundi mmoja mteja wetu wa misumari, naye akaniona, na binti wa maabara akatoka na orodha akaita jina langu kwa sauti iliyofika Kenya nzima na sehemu za Tanzania. Nikageuka kama niliyesahau kitu. Sasa naweza kusema nilichokuwa nakiogopa. Wakati ule hata mimi mwenyewe sikujiambia. Niliogopa karatasi ingerudi na jina langu. Madhali sijapimwa, ugonjwa ulikuwa wake. Kikopo kilikaa kwenye rafu ya vitabu, nikakitia kalamu.

Kemunto aliuliza mara moja tu. Alikuwa anakata uzi kwa meno. "Alhamisi hii utaenda?"

"Nikimaliza mtihani, mama. Mtu hawezi kufanya mitihani miwili."

Akatema uzi. "Sawa."

Jumapili iliyofuata tuliitwa Nyamira. Nilijua kuna jambo kwa kuwa mama alikuwa amechinja kuku wakati hakuna mgeni. Sebuleni walikaa Baba Mdogo Ondieki, na mama, na mzee mwingine wa ukoo ambaye kazi yake ilikuwa kukubali. Kemunto alikuwa jikoni, na kati ya jikoni na sebule palikuwa na ukuta wa mabati tu. Ukipumua kule unasikika huku.

"Makori," akaanza Baba Mdogo, "mbunge akimaliza miaka mitano anarudi kuulizwa amefanya nini. Wewe umebakiza mmoja."

"Ni kweli," akasema yule mzee wa kukubali.

"Siku hizi hata chai yangu haitaki na sukari," akasema mama. "Mke wa mwana wangu, mokamwana wa kukataa chai ya nyumba, huyo amekaa au anapita?"

"Kuna msichana Nyamarambe," akasema Baba Mdogo. "Watu wazuri, wa kanisa. Hatusemi huyu aende. Tunasema nyumba iwe na mtoto. Lakini wewe ni msomi, tusikuongoze kama kondoo. Hospitali inasemaje?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu lilikuwa jepesi pia, maneno mawili: wananingoja mimi. Nyuma ya mabati, kijiko kilichokuwa kinakoroga kikasimama. Nilisikia kabisa kikisimama. Nikalitazama shati langu jeupe, nikawatazama wazee.

"Hospitali inasema ni yeye," nikajibu.

Kijiko kikaanza tena. Baada ya muda Kemunto akaleta chakula, akatunawisha mikono mmoja mmoja kwa heshima zote, Baba Mdogo, mzee, mama, kisha mimi. Maji yalikuwa ya vuguvugu kama inavyotakiwa. Aliporudi kuchukua vyombo alikuwa ameivua leso, kidevu wazi mbele ya wote, na hakuna aliyejua atazame wapi. Jumatatu niliporudi kutoka darasani chumba kilikuwa kikubwa. Cherehani haikuwepo, wala lile daftari la kushonwa. Kalenda alikuwa ameniachia.

Mtihani niliupita. Nilipata alama ya C, ambayo kwangu ilikuwa A iliyochoka njiani, na mama akaita watu wakala. Msichana wa Nyamarambe alikuja, akakaa miaka miwili na nusu, mtoto hakuja, akaenda zake. Nikasema ni bahati mbaya. Kipimo kile sijakifanya mpaka leo. Na habari za Kemunto nilizisimulia nilikokwenda, dukani, kanisani, kwenye harusi za watu, kwa namna ya kuchekesha na mwisho wa kusikitisha: jinsi madaktari bingwa watatu, mmoja wao wa Pwani, walivyoushambulia ugonjwa ule kama jeshi, na jinsi ugonjwa ulivyowashinda wote ukanichukulia mke. Watu walinionea huruma. Nilizoea huruma hiyo, ikawa kama pensheni.

Basi huko Nyamache, Sista alipokwisha kufunikwa udongo na watu kuanza kupanga foleni ya chakula, nilisikia mtu akisema jina langu pembeni. Alikuwa Kemunto. Amenenepa kidogo, nywele zina mvi, hana leso. Kidevuni nilikiona kivuli kile kile, hakukificha. Amemshika mkono msichana wa kama miaka kumi na miwili, mwenye sare ya shule na magoti makubwa, aliyekuwa akilia kwa sababu Sista alikuwa nyanya yake wa kujichagulia. Sikuhitaji kuuliza ni wa nani. Alikuwa na ile mikono.

"Kemunto!" nikasema, na sauti yangu ya harusini ikatoka yenyewe. "Mungu ni mkubwa! Madaktari wote wale walishindwa, na bado Mungu akafanya muujiza!"

Alinitazama bila hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuiweka.

"Si muujiza, Makori," akasema. "Ni Daktari Momanyi yule yule, na dawa zile zile, na ugonjwa bado ninao, hata leo asubuhi nimemeza vidonge. Baba yake huyu aliambiwa aende maabara Alhamisi. Akaenda Alhamisi."